Mimi niliishia darasa la tano. Nitamfikishaje binti yangu chuoni?

Mama mmoja wa Likoni, Mombasa, ameniandikia hivi: "Mwalimu, salaam aleikum. Mimi niliishia darasa la tano. Nauza mbaazi na mahamri, mume wangu ni mpagazi mjini. Binti yetu wa kwanza yuko kidato cha tatu na anataka kuwa muuguzi. Ripoti ya muhula uliopita alipata C, na Hesabu D. Nikiitwa shuleni naona haya, walimu wanaongea Kiingereza, mimi natia sahihi narudi nyumbani. Babake anasema akimaliza fomu foo atafute kazi, chuo ni cha wenye pesa. Sisi tusioijua njia hii tutamsaidiaje mtoto?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliganda pale uliposema unatia sahihi unarudi nyumbani. Nimekaa na wazazi wa Pwani kwa miaka mingi, wengi wao wa hali kama yako, na nataka uanze kwa kujua hili: watoto niliowaona wakikwama njiani, wachache sana walikwama kwa sababu mzazi hakujua Kemia. Walikwama kwa karatasi yenye jina lililokosewa, kwa somo lililoachwa kidato cha pili bila mtu nyumbani kuuliza, au kwa tarehe iliyopita hakuna aliyejua. Hayo yote mama wa darasa la tano anayaweza, mradi aulize na afuatilie.

Kwa hiyo tuanze na ile ripoti.

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kila gredi ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, inashuka hivyo hivyo hadi E ambayo ni 1. Gredi ya jumla hutokana na masomo saba, kwa hivyo pointi zote zikijaa ni 84. Ili mtoto aombe shahada ya chuo kikuu anahitaji C+, na C+ inaanzia pointi 46. Sasa sikiliza vizuri. Tangu mtihani wa 2023, katika hayo masomo saba Hesabu lazima ihesabiwe, na lugha moja lazima ihesabiwe. Matano yaliyobaki huchukuliwa yale aliyofanya vizuri zaidi. Maana yake D ya Hesabu haina pa kujificha.

Piga hesabu nami, kama unavyopiga ya unga na mafuta. D ni pointi 3. Ukizitoa katika 46 zinabaki 43, na hizo azipate kwa masomo sita. Ni zaidi kidogo ya pointi 7 kila somo, yaani C+ kila mahali na baadhi yake B-. Akiinua Hesabu kutoka D hadi C-, hizo ni pointi 5, mzigo wa yale mengine unapungua. Kwa mtoto aliye na C mwaka mmoja na zaidi kabla ya mtihani, hilo si jambo la miujiza. Watoto nimewaona wakipanda hivyo, hasa wakipata mtu wa kukaa nao na Hesabu za vidato vya nyuma, maana D ya kidato cha tatu mara nyingi ilizaliwa kidato cha kwanza.

Na lugha ile moja ya lazima yaweza kuwa Kiswahili. Watoto wetu wa Mombasa hukidharau Kiswahili kwa kuwa wanakiongea tangu utotoni, kisha wanaangushwa na ngeli na ushairi. Mwambie binti yako asikichukulie kama somo la kupumzikia. Kwake ni pointi zilizo karibu kuliko nyingine zote.

Uuguzi una masharti yake juu ya hayo. Kwa shahada, Baraza la Wauguzi linataka C+ ya jumla, na tena C+ katika Biolojia, katika Kemia, katika Kiingereza au Kiswahili, na katika Hesabu au Fizikia. Muulize leo jioni: Fizikia bado unasoma? Kama aliiacha kidato cha pili, basi kwa shahada ya uuguzi mlango wake ni Hesabu peke yake, na D hiyo inakuwa jambo la kwanza nyumbani kwenu. Kama bado anaisoma, ana milango miwili. Hata hivyo jua kwamba hicho ni kiwango cha chini tu cha kuomba. Uuguzi unagombewa na wengi, na vyuo huchukua wa juu kwanza.

Upo mlango mwingine, nao nisingependa muutazame kama wa walioshindwa. Stashahada ya uuguzi katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba chenye kampasi hapa Mombasa, inaombwa kwa C ya jumla, pamoja na masharti ya masomo. Binti yako yuko hapo hapo hata leo. Wauguzi wengi mnaokutana nao wodini walianza na stashahada, wakaajiriwa, kisha wakajiendeleza hadi shahada. Kwa nyumba ambayo pesa ni ya kuhesabu, mimi hiyo njia naiheshimu sana. Lengeni C+, lakini C isiingie ndani kwenu kama msiba.

Sasa shule na ile haya.

Kiswahili ni lugha ya taifa, na Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Una haki ya kuongea na mwalimu wa mwanao kwa Kiswahili, naye anakijua. Usingoje siku ya wazazi tu, siku hiyo walimu wamezingirwa na kila mtu anataka aitwe kwanza. Piga simu kwa mwalimu wa darasa, omba siku ya kawaida, saa unayomaliza kuuza. Usimfanye binti yako mkalimani, maana mtoto hutafsiri yale anayotaka usikie. Ukifika, uliza: "Mwalimu, akiendelea hivi KCSE atapata gredi gani? Na ni somo gani linalomrudisha nyuma?" Kisha uliza lile linaloumiza kidogo: "Yeye mwenyewe anafanya nini darasani kinachomchelewesha?" Kaa kimya, ngoja jibu. Mwalimu aliyezoea wazazi wa kutia sahihi, ukimuuliza hivyo atakukumbuka, na mtoto wako atamtazama kwa jicho jingine. Nimekuwa upande ule wa meza. Najua.

Kuhusu kazi za nyumbani, hukuuliza, lakini mahamri hupikwa alfajiri na nina hakika hayupo mwingine wa kukusaidia kusukuma. Sikwambii umwache kabisa. Nakwambia mpatane saa zake, mbili kila jioni, ambazo hatumwi dukani, hashiki mtoto, na simu yake iko kwako. Ukimwahidi hizo saa, zitunze hata siku ya wageni. Na muhula wa mwisho wa kidato cha nne mtafutie mtu wa kukushika mkono alfajiri, hata kwa kumlipa mahamri.

Kuna jambo ambalo nakuomba ulifanye kabla ya yote, nalo ni karatasi.

Mwaka mmoja alinijia baba mvuvi. Makaratasi ya watoto wake ameyaweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mfuko, umefungwa mafundo matatu kwa kuchelea maji. Aliyafungua taratibu mezani kwangu kama anayefungua dhahabu. Binti yake alikuwa amepata alama nzuri. Tulipoweka cheti cha kuzaliwa kando ya hati ya matokeo, kimoja kiliandika Fatuma, kingine Fatma. Herufi moja. Tena jina la babu lilikuwa kwenye cheti, shuleni halikuwapo. Yule binti alihangaika miezi kadhaa ofisi hadi ofisi, viapo kwa wakili, picha, nakala, nauli, na wenzake walishaingia madarasani. Baba mwenyewe alikuwa ameyatunza yale makaratasi vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hakuna tu aliyewahi kumwambia ayasome moja kando ya jingine.

Sisi wa Pwani jambo hili linatupata sana. Mtoto ana jina la cheti, jina la madrasa, jina la nyumbani, na karani wa usajili wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Kwa hivyo toa cheti cha kuzaliwa, toa matokeo yake ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, na uombe shuleni jina kama lilivyo kwenye rekodi zao. Yapangeni mezani, binti yako asome herufi moja moja. Likiwapo kosa, lishughulikieni sasa, kabla shule haijamsajili kwa KCSE mwanzoni mwa kidato cha nne. Baada ya hapo kurekebisha ni ghali na ni polepole.

Vivyo hivyo kitambulisho. Akitimiza miaka 18, nendeni wiki ile ile, na mchukue vitambulisho vyenu wazazi wawili. Unajua kwetu huku kuna familia ambazo zimekuwa zikiulizwa maswali mengi kabla ya kupewa, hata hati za babu na bibi zikatakiwa. Ikiwa yenu ni mojawapo, anzeni kumtafuta mzee wa mtaa na chifu mapema. Bila kitambulisho, kuomba mkopo na ufadhili wa chuo kunakuwa kugumu, na laini ya simu inayotakiwa ni iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, si yako wala ya mjomba.

Sasa nikueleze njia yenyewe ilivyo, ili usikie majina haya mapema. Binti yako ni wa kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, atafanya KCSE Novemba 2027. Matokeo kwa miaka ya karibuni yamekuwa yakitoka Januari. Baada ya hapo shirika la serikali linaloitwa KUCCPS, ambalo ndilo linalowapanga wanafunzi vyuoni, hufungua maombi kwenye tovuti yake. Mwanafunzi huingia kwa namba yake ya mtihani, mwaka, na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE aliyosajiliwa nayo. Ndiyo unaona kwa nini nimekazana na karatasi. Ada ya kuomba imekuwa shilingi 1,500. Vyuo vikuu, vyuo vya ufundi na KMTC, vyote vinaombwa hapo hapo. Kila kozi hupimwa kwa masomo manne yanayohusiana nayo pamoja na jumla ya pointi zake za KCSE, na alama hiyo hufika juu kabisa 48. Tovuti inamwonyesha mwombaji alama zake na kiwango walichoingia nacho wa mwaka uliotangulia. Hapo ndipo mnapolinganisha, kwa utulivu, nyumbani, kabla ya kubonyeza lolote.

Nasema nyumbani kwa sababu nimeona yanayotokea saiba, yaani kwenye maduka ya intaneti. Watoto wamepanga foleni, mwenye saiba ana haraka, anauliza "wataka nini?", mtoto anasema "uuguzi", zile nafasi nyingine anajaziwa chochote. Baadaye anaitwa kozi ambayo hakuwahi kuisikia. Baya zaidi, barua pepe iliyotumika ni ya yule karani, nywila anaijua yeye, na ujumbe wote wa mkopo unaenda kwake. Saiba mwende, lakini mwende na orodha iliyokwisha andikwa kwenye daftari, barua pepe iwe ya binti yako, na nywila aandike yeye mwenyewe huku karani ametazama kando. Uwe umekaa naye kwenye benchi. Huna haja ya kuelewa kila kitu kwenye kioo. Ukiwapo wewe, hakuna atakayemharakisha. Na mtu akikwambia ana jamaa anayeuza nafasi ya chuo, ondoka, usimjibu. Nafasi haiuzwi.

Tuje kwa babake, na hapa usimgombeze. Mtu anayebeba magunia mjini akisema chuo ni cha wenye pesa, anasema alichokiona maisha yake yote. Mwonyeshe hesabu. Mfumo ulioanza 2023 kwa vyuo vikuu vya umma unagawa gharama sehemu tatu: ufadhili ambao haulipwi tena, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na mchango wa familia. Familia ziligawanywa ngazi tano kwa kutazama uwezo. Ya chini kabisa huchangia 5%, ya juu 40%. Kozi ikiwa ya shilingi 200,000 kwa mwaka, familia ya ngazi ya kwanza hutoa 10,000, ya ngazi ya tano hutoa 80,000. Mfumo huo umebishaniwa mahakamani na ada zenyewe zimeguswa tangu hapo, kwa hivyo mwaka wa 2028 mtazame viwango vitakavyokuwapo. Lakini lile la msingi mzee alisikie: mtoto wa mpagazi hatakiwi alipe kama mtoto wa mwenye hoteli. Mkiwekwa ngazi isiyo yenu, ipo njia ya kukata rufaa, kwa hivyo majibu ya maombi yawe ya kweli na yajazwe kwa makini. Mtoto akipangwa chuo kikuu cha kibinafsi, ufadhili ule hapati, anabaki na mkopo tu. Angalieni hilo kabla ya kuchagua.

Tena maombi hayo huuliza habari za wazazi wote wawili, pamoja na kitambulisho cha baba. Mwite siku hiyo akae nanyi, asome jina lake likijazwa. Nimeona baba mkali akilainika pale, maana alikuwa akidhani jambo hili limepangwa bila yeye.

Kuhusu mkopo, najua kuna nyumba ambazo riba ni swali la dini. Mkopo wa HELB kwa shahada umekuwa na riba ya 4% kwa mwaka. Sitoi fatwa, hiyo si kazi yangu. Ninachokuomba ni kwamba mkamuulize sheikh mnayemwamini sasa, kukiwa na muda, na mtenganishe mambo mawili: ufadhili si mkopo. Nimeona familia ikiacha vyote viwili kwa kutojua kwamba kimoja hakidaiwi.

Mbali na hayo kumekuwa na basari, yaani msaada wa karo, ya eneo bunge lenu la Likoni, na ya kaunti. Fomu zake hutaka nakala za vitambulisho, ripoti na muhuri wa chifu, na hutangazwa kwa siku chache tu. Jizoeshe kuuliza kila mwanzo wa muhula. Na kama una chama cha kuzungushana, mwambie mweka hazina mwezi mmoja wa 2028, kabla ya chuo kufunguliwa, zamu yako iangukie hapo. Godoro, sanduku, nauli na kodi ya mwezi wa kwanza ndivyo vinavyowashtua wazazi kuliko karo.

Akipangwa mbali, tuseme Eldoret au Kisumu, moyo utakuuma, na majirani watasema binti anaachiwaje. Mimi nasema kozi kwanza, mji baadaye. Ila kama kozi anayoitaka ipo Pwani, hakuna ubaya kuiweka mbele. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na hapa kisiwani kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ambako kwa miguu feri ni bure na zinabaki nauli za matatu.

Pale Tudor ndipo ninapotaka umpeleke, siku moja ya likizo, hata kama hatasoma hapo. Ile ndiyo MIOME ya wazee wetu, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopata hati yake 1948 na kupokea wanafunzi 1951, ikajengwa kwa michango iliyomshirikisha Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jumuiya ya Mabohora, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Ilikuwa chuo kikuu kamili 2013. Mvuke feri wote watatu, wewe, binti na babake. Msalimie askari wa lango, mwambie mmeleta mtoto aone chuo na mwataka kuuliza ofisi ya udahili. Andikisheni kitambulisho, ingieni. Mtawaona wasichana wenye buibui na madaftari kifuani wakiharakisha kwenda darasani, na binti yako atawatazama kwa namna ambayo huwezi kumpa kwa maneno. Ofisini mwacheni aulize yeye. Wewe simama karibu yake.

Lakini hiyo ni likizo. Jioni ya leo, ukishaosha masufuria, toa cheti cha kuzaliwa.